Shajara ya mradi: kibali cha hewa kwa mtambo wa lami

Januari 9

Nimekabidhiwa faili leo. Machimbo haya ya mawe ya chokaa hapa Uingereza yamesaga kokoto miaka nenda miaka rudi. Sasa mwenye machimbo anataka mtambo wa lami usimame humo humo shimoni, kokoto itoke kwenye kresha, yaani mashine ya kusaga mawe, na kuingia kwenye lami bila kupanda lori. Mtambo umeshaagizwa, wa tani 160 kwa saa, na msingi wa zege umeshachorwa. Kilichobaki ni kibali cha mazingira, na mzigo huo nimebebeshwa mimi.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Tuko wengi kwenye kazi hii, kwenye vijiko vya kuchotea kokoto, kwenye mizani, kwenye malori, na kila siku tunatakiwa kufuata masharti ya kibali ambayo hakuna aliyetusomea kwa lugha yetu.

Msingi wenyewe ni huu. Kanuni za Vibali vya Mazingira za England na Wales za mwaka 2016 zina orodha ya shughuli zisizoruhusiwa bila kibali. Kifungu cha 3.5 kinataja kupaka mawe ya barabara lami, iwe ile inayotokana na mafuta ya petroli au ile ya makaa ya mawe. Shughuli hii imewekwa Sehemu B, maana yake anayetoa kibali ni halmashauri ya eneo wala si Wakala wa Mazingira, na kibali chenyewe kinahusu kile tu kinachoingia hewani. Taka na maji machafu vina mlango mwingine. Kelele na wingi wa malori vinaamuliwa na idara ya mipango.

Kuendesha mtambo bila kibali ni kosa la jinai. Kesi ikifika Crown Court, mahakama iliyo juu ya ile ya mwanzo, faini haina kikomo na kifungo kinaweza kufika miaka 5. Nimemsomea meneja mstari huo mara mbili, kwa sababu alikuwa ameshapanga jaribio la wiki moja mwezi Machi. Jaribio la kuchanganya lami ya moto ni kuendesha mtambo. Limefutwa kwenye ratiba.

Januari 17

Nimeshinda juma zima na PG 3/15, mwongozo ambao serikali imewaandikia maafisa wa halmashauri kuhusu ukaushaji wa mawe na upakaji wa lami. Wenyewe si sheria, lakini afisa analazimika kuuzingatia, na akiuacha lazima awe na sababu. Kwa hiyo nausoma kwa macho ya afisa.

Nimeanza na bomba la moshi, kwa sababu ndilo lenye tarakimu. Vumbi linalotoka kwenye kichujio lisizidi miligramu 50 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, baada ya hesabu kurudishwa kwenye nyuzi 0 na mgandamizo wa kilopaskali 101.3. Moto ukiwa wa mafuta mazito, salfa isizidi asilimia 1 ya uzito. Ukiwa wa dizeli, isizidi asilimia 0.1. Hewa inapotoka kileleni mwa bomba inatakiwa iwe na mwendo wa mita 15 kwa sekunde, na juu pasiwe na kitu cha kuizuia.

Hilo la mwisho limetukuta. Mchoro wa mtengenezaji una kofia ya bati juu ya bomba, ya kuzuia mvua. Inaonekana ni jambo dogo, kumbe kofia inaigeuza hewa ya moto iliyokuwa inapanda, inaisukuma pembeni, nayo inapoa na kushuka karibu na mtambo badala ya kwenda juu na kutawanyika. Nimewaandikia waiondoe na kutoboa tundu la kutolea maji chini ya bomba.

Sura ya bomba la moshi imefika kurasa 31. Sura ya uwanja, barabara za ndani na marundo ya kokoto ina ukurasa mmoja na nusu. Nitairudia nikipata nafasi.

Januari 30

Nimekwenda kuuona mtambo wa aina hiyo hiyo ukifanya kazi. Michoro haitoshi.

Kokoto baridi inashuka kutoka kwenye mapipa makubwa hadi kwenye mkanda, mkanda unaimwaga ndani ya ngoma ya chuma inayozunguka, na mwisho wa ngoma kuna kichomeo kinachounguruma. Ndani yake mabawa ya chuma yanazoa mawe na kuyaangusha mbele ya moto, tena na tena, mpaka yanatoka makavu yakiwa na joto la nyuzi 170 hivi. Yanapandishwa, yanachujwa kwa ukubwa, yanapimwa, yanakutana na lami ya moto na unga wa mawe kwenye kichanganyio. Chini ya dakika moja mawe meupe yameshakuwa meusi.

Mawe yanapoanguka ndani ya ngoma yanasuguana na kutoa vumbi jingi mno. Feni kubwa inalivuta vumbi lote hadi kwenye nyumba ya mifuko, mamia ya mifuko mirefu ya kitambaa iliyovishwa kwenye fremu za waya. Hewa inapita, vumbi linabaki nje ya kitambaa, kisha mfuko unapulizwa kwa ndani na vumbi linaanguka. Halitupwi. Linarudi kwenye mchanganyiko kama unga wa kujazia.

Fundi wa pale ni mtu wa kwetu, Mswahili wa mwambao. Alinishika mkono akanipeleka kwenye mfuko wa zamani uliotundikwa ukutani. Nusu ya chini ilikuwa laini kama shuka. Nusu ya juu ilikuwa ngumu, imegandiwa na kitu kama saruji iliyokauka.

"Kaka, usiniandikie kwamba mfuko unakamata vumbi," aliniambia. "Andika unakamata vumbi ukiwa mkavu."

Mawe mabichi yanatoa mvuke mwingi. Mtambo ukiwashwa asubuhi ya baridi, kabla nyumba ya mifuko haijapata joto, mvuke unageuka maji juu ya kitambaa, maji yanakutana na vumbi, yanakuwa tope, na tope likikauka mfuko umekwisha. Joto likizidi nalo ni hatari: kitambaa hiki kinastahimili nyuzi 200 hivi kwa kazi ya kila siku, zaidi ya hapo kitambaa kinachakaa. Kwa hiyo mtambo unapashwa moto bila mawe kwanza, na kuna kipimajoto kinachozima kichomeo joto likipita kiasi. Nimeyaingiza yote mawili kwenye ombi kama ahadi zetu, kwa maneno ya fundi.

Februari 12

Siku ya hesabu. Nilitaka kujua maji yaliyomo kwenye kokoto yanatugharimu nini, kwa sababu meneja anaona paa la kufunika mchanga ni anasa.

Tani moja ya mawe yenye maji asilimia 5 imebeba kilo 50 za maji. Kuyapandisha mawe yenyewe kutoka nyuzi 10 hadi 170 kunataka megajuli 140 hivi. Kuyapasha maji hayo na kuyageuza mvuke kunataka nyingine 130. Yaani karibu nusu ya moto wetu inakwenda kuchemsha mvua. Maji yakishuka hadi asilimia 2 tunaokoa megajuli karibu 80 kwa tani, sawa na zaidi ya lita 2 za dizeli, hapo sijahesabu joto linalopotea njiani. Kwa tani 160 kwa saa, ni zaidi ya lita 300 kila saa ambazo hazichomwi wala hazipandi kwenye bomba.

Meneja aliiangalia karatasi kwa muda mrefu. Paa limeingia kwenye bajeti, pamoja na kuta tatu za zege kuzunguka mchanga mwembamba. Mimi nililihesabu kama jambo la mafuta.

Februari 26

Ombi limepelekwa, na ada ya pauni 1,650. Angekuwa mtu ameshawasha mtambo bila kibali angeongezewa pauni 1,188 juu yake, mbali na hayo ya mahakama.

Machi 11

Afisa wa halmashauri amekuja. Nilikuwa nimeandaa meza, michoro ya bomba imetandazwa, hesabu za urefu wa bomba ziko kwenye kompyuta. Alinisalimia, akaomba kofia ngumu na viatu, akasema angependa kuanzia langoni.

Alisimama langoni dakika 20. Hakuandika kitu. Malori saba yalitoka. La kwanza lilikuwa na turubai. La pili turubai lilikuwa nusu. La tatu lilipita kwenye bwawa la kuoshea matairi kwa kasi hivi kwamba maji yaliruka nje na matairi yakatoka na tope lile lile. Kisha akatembea kufuata uzio upande wa nyumba za majirani, akachuma jani moja la ua wa miti, akalipitisha kidole gumba. Kidole kikawa cheupe. Alinionyesha bila kusema neno.

Hilo ni vumbi la kresha, ambayo ina kibali tayari. Mtambo wa lami haujajengwa. Lakini alichotaka kukijua nilikielewa pale pale: kama hivi ndivyo tunavyotunza tulichonacho, ahadi za kurasa 31 zina uzito gani?

Ofisini aliuliza maswali, na karibu yote hayakuhusu bomba. Boza la unga wa mawe likija kujaza silo, yaani ghala refu la unga huo, nani anasimama na dereva? Vumbi la mifuko linahamishwa vipi, kwa bomba lililofungwa au kwa kijiko? Kuna maji ya kunyunyizia yenye shinikizo la kutosha mwisho wa barabara ya ndani, au bomba linafika nusu? Upepo ukibadilika, nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi, na anaujua huo wajibu? Nilijibu mawili kwa uhakika.

Bomba la moshi liko juu, hewa yake ni ya moto, imechujwa, inapimwa. Vumbi la uwanjani liko usawa wa pua ya mtu, halipiti kwenye kichujio chochote, na halina tarakimu. Nimelala nalo kichwani.

Machi 14

Barua imekuja: ombi limekubaliwa kuwa kamili kwa kuanza kushughulikiwa. Halmashauri ina miezi 4 ya kuamua.

Machi 26

Barua ya pili, ya kudai taarifa zaidi. Barua hii inasimamisha saa. Siku tunazotumia kujibu hazihesabiwi kwenye ile miezi 4. Wenzangu wawili wameipokea kama adhabu. Mimi sioni hivyo. Afisa angeweza kukataa ombi kwa ukurasa wangu mmoja na nusu, na angekuwa na haki.

Naandika upya sura ya uwanja. Safari hii siandiki mezani. Nakaa na dereva wa kijiko asubuhi, na mtu wa mizani mchana, nawauliza vumbi linatimka wapi na saa ngapi. Dereva wa kijiko amenifundisha jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wowote niliousoma: kokoto ya milimita 6 haimpi taabu hata siku ya upepo, taabu iko kwenye ule unga unaobaki sakafuni baada ya rundo kuchotwa lote. Matairi yanausaga, jua linaukausha, na kijiko kikigeuka ghafla unapanda wote. Kwa hiyo sharti tulilojiandikia ni kufagia sakafu ya banda kwa gari la kufyonza kila rundo linapoisha, si mara moja kwa wiki.

Aprili 14

Siku tisa bila mvua, upepo wa mashariki. Boza la maji liliharibika pampu saa 3 asubuhi na kazi iliendelea. Saa 5 jirani alipiga simu. Nilikwenda mwenyewe.

Ni bibi mtu mzima anayeishi nyumba ya pili kutoka kwenye uzio. Hakufoka. Alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha kamba ya nguo. Shuka zilikuwa zimelowa alipozianika na vumbi limezishika zikiwa mbichi, zina mstari wa kijivu pale kamba ilipopita. Aliniambia anazifua mara ya pili kila kiangazi na hajawahi kupiga simu kabla ya leo.

Nilirudi nikaomba msago usimame hadi boza litengenezwe au likodiwe jingine. Msimamizi wa zamu alikataa kwanza, akasema hana idhini. Alikuwa anasema kweli: hakuna karatasi iliyompa idhini hiyo. Swali la afisa la Machi 11 lilinirudia neno kwa neno.

Jioni meneja ametia sahihi. Msimamizi yeyote wa zamu anaweza kusimamisha kresha, upakiaji au mtambo wa lami kwa sababu ya vumbi bila kumuuliza mtu, na hataulizwa kwa nini mbele ya wenzake. Boza la pili limekodiwa kwa msimu mzima wa kiangazi. Vyote viwili vimeingia kwenye majibu yetu, pamoja na maelezo ya tukio lenyewe. Kuna aliyenishauri tusilitaje. Nimelitaja.

Aprili 22

Majibu yamepelekwa. Sura ya uwanja sasa ina kurasa 24. Saa inaendelea kuhesabu.

Mei 6

Suala la lami ya zamani. Meneja anataka kuchanganya vifusi vya barabara zilizokwanguliwa, jambo zuri, linaokoa kokoto na lami mpya. Lakini barabara nyingi za nchi hii zilizojengwa zamani zilifungwa kwa lami ya makaa ya mawe, na hiyo ina kemikali za kusababisha saratani. Ikipashwa moto, mvuke wake ndio unaovutwa na mtu wa kichanganyio. Kifusi chenye asilimia 0.1 au zaidi ya lami hiyo kinahesabiwa taka hatari, msimbo 17 03 01. Kisicho nayo ni 17 03 02. Kupima kunafanyika kabla ya kukwangua, kwa kutoboa vipande vya barabara na kuvipeleka maabara, maana kikishafika kwetu kimechanganyika hakitenganishiki.

Habari hii ni ya Wakala wa Mazingira kwa upande wa taka, si ya kibali chetu. Hata hivyo nimeiweka kwenye utaratibu wa lango: hakuna lori la vifusi linaloshusha bila karatasi ya maabara. Na vifusi havitapita mbele ya moto. Vitaingia kwenye ngoma mahali ambapo ndimi za moto hazifiki, vipate joto kutoka kwa mawe. Lami ikiguswa na moto inatoa moshi wa buluu, na mifuko inanata.

Mei 20

Maoni ya wananchi yamefika halmashauri na sisi tumepewa nakala. Mengi ni ya malori na kelele za alfajiri. Kisheria afisa wa kibali hawezi kuyashughulikia hapa, yanakwenda kwenye mipango, na wanaoandika hawajui hivyo, na hakuna aliyewaeleza. Nimeomba tuwaandikie sisi, ukurasa mmoja, tukiwaonyesha nani anashughulikia nini na namba ya simu ya zamu.

Harufu ni yetu. Matangi ya lami yanakaa kwenye nyuzi 150 na zaidi, na kila boza linaposhusha, lami inayoingia inasukuma nje hewa iliyojaa mvuke. Tumekubali kurudisha hewa hiyo kwenye boza kwa bomba la pili, na kufunga kipimo cha joto chenye king'ora, maana lami iliyopashwa kupita kiasi ndiyo inayonuka hadi mtaa wa pili. Pia dizeli imepigwa marufuku kwa kupaka ndani ya malori ili lami isigande. Tutatumia mafuta ya mimea. Madereva wa zamani wananung'unika, na nawaelewa, dizeli ni rahisi. Lakini inayeyusha lami yenyewe na inadondoka uwanjani.

Julai 8

Rasimu ya kibali. Nimeisoma mara tatu. Kurasa mbili na nusu zinahusu bomba, zilizobaki zote ni uwanja, silo, matangi, malori na daftari. Kikomo cha vumbi cha miligramu 50 kimo. Kipimo cha kudumu ndani ya bomba kimo, ile fimbo inayohisi chembe za vumbi zikiigusa na kupiga kengele mfuko ukipasuka. Upimaji kamili mara moja kwa mwaka umo.

Tumepinga sharti moja tu. Rasimu ilidai ukaguzi wa macho mpakani kila baada ya saa 2. Tumeomba uwe mara mbili kwa siku pamoja na kila upepo unapobadilika kuelekea nyumba. Mtu anayezunguka kila saa 2 ataanza kujaza daftari akiwa amekaa. Afisa amekubali, akaongeza kwamba anayekagua asiwe mtu wa ofisini.

Julai 22

Kibali kimetolewa. Ada ya mwaka itategemea kiwango cha hatari tutakachopangiwa: pauni 772 kwa hatari ndogo, 1,161 kwa ya kati, 1,747 kwa kubwa. Rekodi ya malalamiko na utunzaji inahesabiwa kwenye alama hizo.

Agosti 19

Siku ya tatu ya kuwasha, na tumepata tukio.

Boza la unga wa mawe lilikuwa linamalizia kujaza silo. Unga huu unasukumwa kwa hewa kupitia mpira mnene, na hatari iko mwishoni: boza likiisha mzigo, hakuna tena unga wa kuizuia hewa, na yote inaingia kwenye silo kwa mkupuo. Dereva anatakiwa apunguze hewa kabla ya hapo. Huyu aliiacha wazi ili mpira usafike. Shinikizo likapanda, valvu ya usalama juu ya silo ikafunguka, na wingu jeupe likatoka kwa sekunde 40 hivi. Nilikuwa nimesimama ngazini. Lilishuka polepole kama mtu anapepeta unga, likafunika paa la chumba cha kuongozea, mikono yangu na kiti cha pikipiki ya fundi.

King'ora kililia. Dereva hakukisikia, kwa sababu king'ora kiko chumbani na yeye yuko kando ya kompresa yake inayounguruma.

Tumeifungua silo jioni. Kichujio kidogo cha juu kilikuwa kimeganda robo tatu, kimeingia unyevu wakati wa kufungwa. Kwa hiyo si dereva peke yake. Tumebadilisha kichujio, tumefunga taa nyekundu inayozunguka pale pale penye mdomo wa kujazia, na valvu inayojifunga yenyewe shinikizo likizidi. Mlinzi wa zamu atasimama na dereva dakika za mwisho za kila mzigo. Halmashauri tumeitaarifu siku hiyo hiyo, kama kibali kinavyotaka, na nimewapelekea picha ya kichujio.

Septemba 10

Wapimaji wenye ithibati ya MCERTS, mpango wa Wakala wa Mazingira wa kuthibitisha wapimaji na vipimo, wamekuja kupima bomba. Kazi yao ni ya subira. Wanaingiza ncha ndogo ndani ya bomba na kuvuta hewa kwa mwendo ule ule ambao hewa inapita, wasivute kwa kasi zaidi wala pole zaidi, kwa sababu wakikosea, chembe nzito zinapita kando ya ncha au zinaingia kupita kiasi, na jibu linakuwa la uongo. Karatasi ya kichujio inapimwa kabla na baada.

Nashukuru tulihamisha matundu ya kupimia wakati bomba bado lipo kwenye karatasi. Mchoro wa kwanza uliyaweka juu kidogo tu ya kona, mahali hewa inapojipindapinda. Kiwango cha upimaji kinashauri urefu ulionyooka wa kipenyo mara 5 kabla ya tundu, na mara 2 baada yake, au mara 5 kama kinachofuata ni kilele cha bomba. Kuhamisha tundu kwenye mchoro ni mstari wa penseli. Kwenye chuma kilichosimama ni kreni na siku mbili.

Majibu: hatujafika robo ya kikomo. Meneja amenipongeza kwa bomba. Nimemwomba aende akampongeze dereva wa kijiko, na amekwenda.

Mtu mmoja wa mtaani alipiga simu akihofia wingu jeupe juu ya bomba asubuhi. Nilimwalika aje tuangalie pamoja. Wingu la mvuke linaanza juu kidogo ya mdomo wa bomba, linakunjamana na kuyeyuka ghafla, baada yake anga ni safi. Vumbi haliyeyuki, linaendelea kama mkia mwembamba kadiri jicho linavyofika. Tulisimama mpaka mtambo ukazimwa saa 4, na mkia haukuonekana.

Septemba 24

Ukaguzi wa mpakani, nimeufanya mwenyewe kwa kuwa mwenye zamu anaumwa. Saa 1:10 asubuhi. Upepo wa kusini-magharibi, hafifu. Barabara ya ndani imelowa hadi mwisho. Hakuna vumbi linalovuka uzio. Harufu ya lami inasikika langoni, haisikiki penye ua wa miti. Malori manne, yote yamefunikwa. Jani la ua limepitishwa kidole: vumbi kidogo, chini ya lile la Machi, bado lipo. Bwawa la matairi lina tope nusu, lisafishwe leo kabla ya saa 6. Nyuma ya nyumba ya pili shuka mbili zimeanikwa.